Sentimita Sitini za Kona

Kwenye karakana ya makabati ya jikoni walimwita Mama Kona, na si kwa mapenzi tu. Alikuwa na maneno machache na kero nyingi, na kero yake kubwa ilikuwa ukuta usiokutana na mwenzake. Miaka kumi na tisa alichora vyumba vya watu kwenye kompyuta kabla fundi hajagusa ubao: unabofya mwanzo wa ukuta, unaandika urefu, unakata kona, unaendelea mpaka ukuta wa nne uguse wa kwanza na mstari ugeuke kijani. Usipogeuka, programu haikubali kwamba hicho ni chumba, na kabati halishiki popote. Wavivu huukamata ukuta wa mwisho wakauvuta kwa nguvu. Yeye hakuvuta. "Kompyuta utaidanganya," aliwaambia, "na kabati je?"

Safari hii chumba kilikuwa jiko la baba yake. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na mwezi uliopita alijiunguza mkono akitafuta sufuria. Kaka mkubwa wa Mama Kona akapiga simu kutoka mbali: anakuja kumchukua mzee. Mama Kona akamsihi aje kwanza aone jiko jipya, kila kitu mahali pake. Alijua kumtoa baba katika nyumba ile ni kumzika kabla ya siku zake.

Basi akapima kwa leza, asubuhi, jua limejaa dirishani. Ukuta wa mlango, mita nne na sentimita ishirini. Ukuta wa dirisha unaoutazama, mita tatu na sitini. Akachora, na mstari ukagoma kugeuka kijani. Akalaza futi ya chuma sakafuni: nne na ishirini. Akarudia leza usawa wa kifua: tatu na sitini. Ndipo alipoitafuta ile nukta nyekundu ya leza. Haikuwa ukutani. Kuna kitu kiliizuia kabla haijafika konani, na pale konani hapakuwa na kitu. Akapitisha mkono. Hewa ilikuwa baridi.

"Baba," akaita, "kona hii ina nini?"

Mzee alikuwa akifuata maji, kiganja ukutani kama kawaida yake. Alipoikaribia kona akakiondoa kiganja, akapiga hatua moja pembeni, akazunguka, kisha akaurudia ukuta.

"Unakwepa nini, baba?"

"Si ni mama yako." Alisema kama anayetaja kiti. "Hapo ndipo anaposimama akingoja maji yachemke. Kila siku namwambia akae, hasikii. Unamjua mwenyewe."

Mama alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Aliogopa, tusifichane. Alikaa barazani nusu saa, kompyuta mapajani, kidole juu ya ule ukuta mfupi. Auvute tu, kabati lifike mpaka mwisho, nani angejua? Lakini baba angekuwa akimkwepa mtu asiye na pa kusimama. Hilo lilimuuma kuliko woga. Akaukata ukuta: sitini huku, sitini kule, kona ibaki nje ya kabati. Mstari ukageuka kijani papo hapo.

Mafundi walifunga kabati huku wakinung'unika kwamba nafasi inapotea bure, wakaenda zao. Kaka alipofika, naye akaanzia hapo hapo.

"Yaani Mama Kona mzima unaacha kona tupu? Ndiyo maana nasema mzee twende naye."

Akanyanyua begi lake alipeleke konani. Hatua mbili kabla ya kufika, akasita. Akapiga hatua moja pembeni, akazunguka, akaliweka karibu na mlango. Kisha akasimama akiitazama miguu yake mwenyewe.

Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Mzee akanyoosha mkono akazima moto bila kupapasa, akatoa vikombe kabatini, vinne.

Kaka akavihesabu kwa macho. Akakaa chini, machozi yanamlenga.

"Kesho narudi peke yangu," akasema. "Mzee abaki. Atamwachaje mama?"