Mtani wa Marehemu Anakuja Kila Jumapili Kumuiga Mume Wangu

Admin, nifichie jina, maana mawifi zangu nao wamo humu. Nina miaka thelathini na nane, mjane wa watoto wawili, naishi Picha ya Ndege, Kibaha. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo. Alikuwa Mzaramo wa Mzenga kule Kisarawe, fundi wa kuezeka, na sijawahi kuona mtu mwenye raha kama yule. Kutwa juu ya paa, akirudi bado ana nguvu za kucheza na watoto wa mtaa mzima. Na kutoa! Siku moja narudi sokoni nakuta chaga tupu, godoro amempa jirani aliyejifungua. Nilinuna wiki nzima. Yeye kila jioni anasimama mlangoni, "Serikali ipo?" mpaka nikashindwa, nikajibu, "Ipo, lete malalamiko." Ikawa ndiyo salamu yetu.

Sasa, mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Msibani Mzenga, Mnyamwezi mmoja, fundi mwenzake, alivaa kofia ya marehemu akaanza kumuiga. Nilikuwa ndani na akina mama, nikasikia sauti ya mume wangu uani, nikasimama. Mume wangu alikuwa anachechemea kidogo tangu alipoanguka kazini. Mtani akauburuza mguu wote na kutoa ulimi. Watu walicheka huku wanalia. Nami nilicheka, tena nilishukuru. Siku ya arobaini, nguo zilipogawiwa, mimi mwenyewe nilisema mtani apewe shati la mistari. Nikamwambia, "Usitutupe, mtani, watoto wako hawa." Nilijiponza kwa mdomo wangu.

Nilipotoka eda akaanza kuja kila Jumapili. Shati lile lile, sijui hata kama analifua, maana linanuka jasho. Anasimama mlangoni: "Serikali ipo?" Salamu yetu ile ile! Anakalia kiti cha marehemu, anakula ugali eti kwa kumuiga, analamba vidole mpaka kiganja huku anaguna, mchuzi unamchuruzika kidevuni, watoto wanagaragara kwa kicheko. Mume wangu hakuwa akila hivyo jamani! Alikuwa mtu msafi. Nasikia kinyaa kiasi kwamba kikombe anachonywea nakisugua kwa jivu. Na msiniambie ananitaka. Ana mke wake, hajawahi kunivunjia heshima. Anaamini kabisa anatufariji.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nimechoka, akatoa ile salamu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Ipo, lete malalamiko." Nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika. Siku hiyo nilijichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Nikampigia wifi yangu mkubwa, yule wa Mzenga. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"We mwanamke," akasema, "mtani hakasirikiwi wala hafukuzwi. Ukimfukuza huyo, umemfukuza kaka yangu. Kwani kakuibia nini?"

"Dada, ananitia kinyaa."

"Kinyaa! Msibani ulicheka, tulikuona." Akakata simu.

Nikaamua kuvumilia. Lakini juzi binti yangu mdogo, ana miaka sita, alikuwa anacheza na mtoto wa jirani, nikasikia anamsimulia habari za baba yake. Nikasogea karibu, moyo umejaa furaha. "Baba yangu alikuwa anatembea hivi," akasema. Akainuka, akaburuza mguu uani, ulimi nje, kisha akalamba kiganja. Dada yake wa miaka kumi akapiga makofi, "Hivyo hivyo!"

Nikawaambia, "Hapana wanangu, huyo ni mtani. Baba yenu hakuwa hivyo."

Mdogo akanitazama. "Sasa baba alikuwaje? Tuonyeshe."

Nikasimama nimwonyeshe. Nikavuta picha ya mume wangu anavyoingia pale mlangoni, anavyokanyaga, anavyocheka. Jamani, aliyenijia kichwani ni mtani, na mguu wake na ulimi wake. Nikabaki nimesimama pale uani, watoto wananisubiri.

Keshokutwa ni Jumapili. Nikimfungia mlango, ukweni wataniona mkosaji, na wanangu watakosa kicheko pekee walichobakiwa nacho. Nikimfungulia, atammaliza mume wangu kabisa. Ninyi mliofiwa, nishaurini kabla hajabisha hodi: nifanye nini?