Tembe Zangu Zilipopumzika Sabato

Acha nianze na aibu yenyewe, ikishapita tupumue. Kama miaka mitano iliyopita, watu wa kanisa letu huku Nyamache waliamini kwamba mimi ni mtu wa maombi makali. Jumamosi asubuhi nilikuwa nikisimama mbele, sauti inatetemeka, jasho linanitiririka, mikono imeshika meza kama vile meza inataka kukimbia, na akina mama wanafuta macho. Hayakuwa maombi. Zilikuwa tembe ambazo sikumeza. Nilijua hivyo, nikanyamaza, na kwa kunyamaza huko nikafanywa mzee wa kanisa. Mtu aliyenitoa kwenye uongo huo, tena bila kunipigia kelele hata siku moja, amefariki, na Jumatano tumemzika nyumbani kwake upande wa Ekerenyo. Habari niliipata sokoni kutoka kwa mama muuza ndizi. Alikuwa ananifungia ndizi zangu, akasema tu, "Yule daktari wa kushika watu mkono, ametuacha." Nikaondoka nikaacha ndizi hapo. Alinifuata nazo mpaka barabarani akiuliza zina kasoro gani.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua shule yangu iliishia darasa la sita, na mwalimu hakulia. Kwa hiyo msitarajie nieleze dawa kama mtu aliyesomea. Hata marehemu mwenyewe hakuwa daktari wa karatasi. Miaka ya sitini alikuwa dresa pale zahanati, anafunga vidonda na kumimina dawa ya maji kwenye chupa ambazo kila mgonjwa alibeba kutoka nyumbani. Ukisahau chupa, unarudi na kikohozi chako. Baadaye akaenda masomoni, akarudi na koti jeupe na saa kubwa ya mkononi, na sisi tukaanza kumwita Daktari. Kila mara alitusahihisha. "Mimi ni msaidizi wa daktari." Tukasema, ndiyo Daktari, tumesikia. Alikuwa na tabia moja. Kabla hajakuuliza ugonjwa, alishika kifundo cha mkono wako, akatazama saa, na huku anahesabu mapigo anakuuliza habari za ng'ombe. Ng'ombe wangu alizaa lini, ndama ni wa rangi gani. Nilidhani anapenda ng'ombe sana. Kumbe alitaka moyo wangu usijue kwamba unahesabiwa.

Moyo wenyewe ulikuwa na haraka zake. Nilikuwa naketi tu chini ya paa langu, sijakimbia, sijagombana na mtu, na kifuani kunapiga kama wacheza mpira wanashuka mlima. Presha nayo ilikuwa juu. Hospitali kubwa ya Kisii waliniandikia tembe, ngeni kabisa wakati huo, tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kila mwezi nizichukue kwa Daktari wetu. Alinieleza kwa njia ambayo hata darasa la sita lilitosha. "Moyo wako ni lori linaloteremka mlima na mzigo wa chai. Tembe hii ni mguu kwenye breki. Usikanyage mara mbili kwa pamoja, lori litazima. Na usitoe mguu ghafla katikati ya mteremko. Ikikusumbua, usijitibu. Njoo uniambie, tutapunguza pole pole." Jirani yangu aliposikia nina tembe za kutuliza moyo, naye akazitaka. Daktari akamuuliza kama amewahi kubanwa na pumzi. Akajibu, ah, kidogo tu, wakati wa baridi. Akanyimwa kabisa, maana kwa mtu kama huyo tembe hizo zinaweza kumfunga pumzi. Jirani alininunia mwezi mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyempa hicho kifua.

Sasa, tembe zilinituliza kweli. Zilinituliza mpaka nikapitiliza. Asubuhi nikichuma chai vidole vilikuwa baridi kama vya maiti, na sisemi vya maiti kwa mzaha, mke wangu alinikataza kumgusa kabla sijavipasha jikoni. Mlima wa kutoka mtoni ambao nilikuwa naupanda nikiimba, sasa naupanda kwa vituo. Usiku ndoto, wee! Nilifukuzwa na chui aliyevaa tai. Na kuna jambo jingine la chumbani ambalo mhariri hataniruhusu kuliandika, ila niseme tu kwamba mke wangu alianza kuniuliza kwa upole kama kuna mama mwingine huko Masimba. Mama wa Masimba! Na mimi hata kufika Masimba nilikuwa nachoka.

Je, nilimwambia Daktari? Thubutu. Pale zahanati kulikuwa na benchi la nje ambapo sisi watu wa moyo tulikaa siku yetu ya mwezi, na benchi lilijua yote. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye shamba lake la chai karibu na kanisa, aliyekuwa akimeza tembe kama zangu kwa sababu ya maumivu ya kifua kila alipopanda mlima. Yeye alisema wazi, akiniita mzee kwa Ekegusii, lugha yetu. "Omogaka, mimi naota mpaka naamka nimechoka. Na wewe?"

"Mimi nalala kama jiwe, mama."

"Na mikono?"

"Ya moto kama chapati."

Akanishika mkono hapo hapo. "Hii chapati ni ya juzi," akasema, na benchi zima likacheka. Lakini nilipoingia ndani na kuulizwa hali, nilijibu vile wanaume wa huku tunavyojibu, "Niko sawa kabisa, Daktari." Akaandika kwenye daftari lake. Nilikuja kuliona daftari hilo baadaye. Kwa kila mgonjwa aliandika maneno yenyewe aliyosema, hata yale ya Ekegusii. Ukurasa wa yule mjane ulikuwa umejaa. Wangu ulikuwa na "niko sawa", mwezi baada ya mwezi.

Nikajitibu mwenyewe, tena kwa kutumia dini. Sisi tunaoshika Sabato tunaacha kazi Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Hata ng'ombe wa kulima anapumzika. Nikajiambia, basi na tembe zipumzike. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasinzia kwenye mahubiri na nilitaka angalau siku moja niwe mtu. Na kweli, kufikia Jumamosi asubuhi nilikuwa mtu na nusu. Moyo ulirudi na haraka zake zote, sauti ikapata nguvu na mtetemo, nikaombwa kutoa sala, na sala ikatoka kama mafuriko. Mama mmoja alisema hajawahi kusikia mtu akiomba kwa moyo wote namna ile. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Jioni nilimeza zote tatu pamoja ili kufidia, na Jumapili nilishinda kitandani, ukiniinua naona nyota. Mke wangu akadhani ni uchovu wa utakatifu.

Siku moja katika somo la asubuhi tukijadili pumziko, nikainuka, maana mimi kicheko cha watu kinanipa ugonjwa mwingine usio na tembe. Nikasema, "Ndugu zangu, kwangu hata dawa inashika Sabato!" Walicheka, wakatikisa vichwa, wakapenda. Mimi nikaketi nimeridhika. Sikutazama nyuma, upande wa akina mama, ambako yule mjane alikuwa ameketi. Na yeye hakucheka. Yeye aliamini.

Ukafika mwezi wa nane, wakati wa makambi. Asiyejua makambi ni nini, ni juma zima watu wa makanisa kadhaa wanakusanyika uwanjani, wanasoma, wanaimba, wanapika pamoja, na juma lote linahesabiwa kuwa la Mungu. Yule mama akafanya hesabu yake, na ukiifuata haina kosa hata moja isipokuwa mwanzo wake, ambao ni mimi. Kama dawa inapumzika siku takatifu, na juma hili lote ni takatifu, basi dawa ipumzike juma lote. Akaacha tembe nyumbani kwenye kopo. Siku ya tano, saa nne asubuhi, akiwa anabeba maji kutoka kisimani, aliweka mtungi chini taratibu sana, akaketi kando yake, akashika kifua. Nilipofika alikuwa amelowa jasho na midomo imebadilika rangi. Mtu akatumwa zahanati kwa baiskeli.

Daktari alikuja na mkoba. Alipiga magoti kwenye nyasi, akashika mkono wake, akatazama saa. Safari hii hakuuliza habari za ng'ombe, alimwita tu kwa heshima ya mama mzee. "Mong'ina, mara ya mwisho ulimeza lini?"

"Kabla ya makambi."

"Nani alikuambia uache?"

Yule mama alikuwa hana pumzi ya maneno mengi. Akasema, "Mzee wetu alisema zinapumzika." Na akanitazama. Hakunitazama kwa lawama, na heri ingekuwa lawama. Alinitazama vile mtu anavyomtazama aliyemwonyesha njia, akitaka kujua kama bado tuko kwenye njia.

Daktari akampa tembe kutoka kwenye mkoba, akamketisha vizuri, akamwomba mwenye duka mmoja Mhindi kutoka Masimba, aliyekuwa ametuletea sukari na mafuta ya taa kwa pikapu yake, ampeleke Kisii. Yule mwenye duka alishusha mzigo wake kwenye majani bila kuuliza nani ataulinda. Wakati wanatandika magunia nyuma ya gari, Daktari akanivuta kando, nyuma ya jiko la kambi. Akanishika mkono. Akahesabu.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Alhamisi."

"Leo umemeza. Sabato humezi."

"Umejuaje?"

"Mkeo alinifuata mwezi uliopita, akaniuliza kwa nini unaugua kila Jumapili. Nilingoja uje uniambie mwenyewe." Akaachia mkono wangu. "Nilikosea kungoja."

Hilo ndilo neno ambalo sijalisahau. Mimi ndiye mwongo, na yeye ndiye aliyesema amekosea. Nikamwaga yote hapo penye moshi, baridi ya vidole, chui mwenye tai, mambo ya chumbani, tembe tatu za pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Za kwako tutazipunguza, hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni hawa watu. Humu kambini kuna wengine wanameza za presha, za kifafa, za sukari, na wote walikusikia. Mimi ni Mkatoliki, mimbari yenu siijui. Panda wewe."

"Daktari, watanivua uzee wa kanisa."

"Yule mama anaweza kuvuliwa uhai," akasema, akakimbilia pikapu.

Nilipanda. Nimesimama mbele za watu mara nyingi nikachekesha, lakini siku hiyo nilitafuta mzaha mmoja wa kujifichia nikaukosa. Nikawaambia kwamba mtetemo waliousikia miezi yote ile ulikuwa wa moyo usio na dawa, kwamba sikuwa nimeguswa na chochote, kwamba mama yetu yuko njiani kwenda Kisii kwa sababu ya kinywa changu, na kwamba yeyote aliyeacha dawa yake nyumbani aende kuichukua sasa hivi. Halafu mzee mmoja mstari wa mbele akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani. Wakamfuata wengine wanne. Sikuwa nimejua kabla ya hapo mzaha unafika mbali kiasi gani.

Uzee wa kanisa walinivua, na walifanya vizuri. Yule mama alikaa hospitalini karibu mwezi, akarudi amekonda, lakini akarudi. Mimi nikapelekwa kwenye benchi tena. Daktari alinipunguzia hatua kwa hatua, akanifundisha kugawa tembe kwa wembe, nusu hapa nusu pale, akinihesabu mapigo kila juma, mpaka tukafika kipimo ambacho moyo ulitulia na mimi nikapanda mlima bila vituo. Chui alipungua. Mama wa Masimba naye akasahaulika. Ukurasa wangu kwenye daftari ukaanza kujaa.

Nimefikiria sana tangu sokoni. Sisi tulilelewa na dawa ya chupa. Unaumwa, unakunywa, chupa inaisha, na ugonjwa nao umeisha. Sasa zimekuja dawa za kuishi nazo, kama unavyoishi na ndugu mgumu, na hakuna aliyetufundisha kuishi nazo. Zinakupa siku na zinakunyang'anya vidole. Mtu akikupa dawa ya namna hiyo bila kukuuliza inakufanyaje, amekupa nusu. Na mgonjwa anayejibu "niko sawa" huku hayuko sawa, amemfunga daktari macho, kisha anataka aongozwe. Marehemu hakuwa na mashine. Alikuwa na saa, daftari, na masikio. Sisi ndio tuliopaswa kuleta maneno, kama zamani tulivyobeba chupa. Kama unameza kitu kila siku na kinakusumbua, nenda ukaseme, hata la chumbani. Usikipumzishe mwenyewe, na zaidi ya yote usimchekeshe mwenzako nacho.

Jumatano kaburini wagonjwa wake waliombwa kutoa mtu mmoja aseme neno. Wakanisukuma mimi. Nilianza vizuri, nikafika pale penye kushika mkono, na sauti ikaanza kutetemeka ile ile ya zamani, mikono ikatafuta meza na meza haikuwepo. Nikashindwa kuendelea. Nilirudi kwenye mstari nikasimama kando ya yule mama mjane, ambaye alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Akachukua kifundo cha mkono wangu, akakishika kama anayehesabu, ingawa saa hana. Kisha akaniuliza polepole, "Omogaka, leo umemeza?"

"Nimemeza, mama."

"Basi hiki ni kilio cha kweli," akasema, na hakuuachia mkono. "Lia tu."