Nilivyoijua Chenin Blanc Nikiwa Muosha Vyombo

Nilikuwa muosha vyombo katika mgahawa mmoja wa katikati ya Stockholm, nikitokea Hässelby, kitongoji cha pembezoni mwa jiji, kila siku kwa treni. Mchana mmoja, kabla wageni hawajaanza kuingia, mama aliyesimamia mvinyo aliwaita wahudumu waonje mvinyo mweupe wa aina tatu, kila mmoja wa zabibu zake. Aliponiona mlangoni na aproni yangu iliyolowa, akasema, "Njoo na wewe."

Wa kwanza, Riesling, ulikuwa mkali kama ndimu. Wa pili, Chardonnay, ulikuwa mzito na ulinukia siagi. Wa tatu niliuonja mara mbili.

"Hii ni Chenin Blanc," nikasema.

Yule mama akageuza chupa, tukasoma lebo. Ndiyo yenyewe.

"Umejuaje?"

Nikamweleza kwamba baba yangu analima zabibu hizo Dodoma, na kila mwaka hutengeneza mvinyo kidogo wa nyumbani. Wahudumu wawili walitabasamu kama watu wasioamini. Yule mama alivuta kiti, akaniuliza udongo wa kwetu ukoje na mvua hunyesha lini. Niliposema tunavuna mara mbili kwa mwaka, akachukua kalamu, akaandika.

Baadaye aliniandikisha kwenye kozi ya mvinyo, na leo kusimamia mvinyo ndiyo kazi yangu.

Jioni ya siku ile ya kuonja nilimpigia baba simu, nikamsimulia maswali yote. Akasema, "Mwambie nashukuru kwa kuuliza."

Kesho yake nilimwambia yule mama, na mimi nikaongeza shukrani zangu.