Mkataliwa wa Kitabu cha Kwanza

Kitabu changu cha tatu kilipotoka, nilijua nimemaliza. Msichana niliyeanza naye, yule aliyekuwa akiongoza nyimbo wakati wanawake wa vilima vyetu wanachimba matuta enzi za mkoloni, alikuwa ameshaolewa na askari wake aliyerudi kutoka vitani. Walikuwa wamezaa, wakagombana, wakapatana, na katika kitabu cha tatu nikamwoza hata binti yao. Nilifunga daftari nikarudi kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa nguo mjini Machakos, nakaa Mumbuni, na vitabu vyote vitatu niliviandika kati ya mteja na mteja.

Ndipo mhariri wangu akapiga simu kutoka Nairobi.

"Wasomaji wanauliza cha nne kiko wapi."

"Cha nne kuhusu nani? Nimeshawaoza wote."

Akacheka, akasema nitampata mtu. Nilijaribu. Nilimchukua mjukuu wa yule msichana nikampeleka mjini, nikampa kazi ya ofisini na mchumba mwenye suti. Kurasa nane. Nilipozisoma niliona watu wangu wamesimama kama zile sanamu za dukani tunazozivisha magauni, wazuri, hawapumui. Nikazichana.

Jumamosi moja nikaenda Kola kumwona Baba. Baba alikuwa seremala maisha yake yote, na ni mzee wa kanisa. Tangu Mama afariki anaishi peke yake, na mimi huenda kumpikia na kumfulia. Sikuwahi kumpa kitabu changu hata kimoja. Ni hadithi za mapenzi, na mwanamke ana umri gani hata asione haya mbele ya baba yake?

Nilimkuta ameketi kizingitini, miwani puani, penseli ya useremala sikioni, na kitabu changu cha kwanza magotini.

"Mke wa mchungaji alinikopesha," akasema bila kuinua kichwa. "Vyote vitatu. Sasa narudia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikachungulia. Kando ya maandishi alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa: *Mti mbichi haufai mpini.* Ukurasa mwingine: *Njia hii haikuwepo. Walipitia mtoni.* Enzi ninazoandika yeye alizikuta akiwa mtoto; mama yake alikuwa katika mwethya, kile kikundi cha wanawake cha kulimiana na kuchimbiana kwa zamu. Mimi nimerithi jina la huyo mama yake, ndiyo maana Baba huniita *mwaitu*, yaani mama.

"Mwaitu, huyu mtu alienda wapi?"

"Nani, Baba?"

"Huyu wa kutengeneza mipini ya jembe. Alimletea msichana mpini mzuri, msichana akamwambia moyo wangu uko kwa askari. Nikafungua ukurasa unaofuata, hayuko. Vitabu vitatu, hayuko."

"Huyo alikuwa wa kupita tu."

Akavua miwani. "Hakuna mtu wa kupita tu. Mpini alimwachia msichana, si ndiyo? Basi alirudi nyumbani mikono mitupu. Na kesho yake akaamka. Alifanya nini?"

Nikaingia jikoni kuwasha moto, naye akaniambia kutoka pale nje, kama mtu anayezungumzia hali ya mahindi:

"Mimi mama yako alinikataa, unajua?"

Sikujua. Nikatoka na kuni mkononi.

Alinieleza. Mama alikuwa akimpenda mwalimu mmoja mwenye baiskeli. Baba alipopeleka maneno yake, alijibiwa kwa heshima kwamba asisumbuke. Akarudi kwa randa yake. Mwalimu akahamishwa mbali na barua hazikuja. Ulipita mwaka na zaidi, kisha mama yake Mama akamwita Baba amtengenezee mlango wa jikoni. Siku ya pili ya kazi Mama alimletea uji, akasimama pale penye uwazi wa mlango, akanyoosha mikono kupima.

"Akaniambia, ongeza upana," Baba akasema. "Nikamuuliza kwa nini. Akasema, nikija kumtembelea mama niko na mtoto mgongoni na kikapu cha ndizi ubavuni, nitapitaje hapa? Nikamuuliza, mtoto wa nani? Akaniangalia hivi. Akasema, wewe ni fundi wa aina gani, hujui kupima?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa nalia na kuni zangu.

Jumatatu nilianza kitabu cha nne. Kila Jumamosi nilimpelekea kurasa, naye akazichonga kama mbao. Tuligombana pia. Mimi nilitaka mtengeneza mipini akutane na mwanamke mwingine katika sura ya tatu, maana wasomaji hawapendi kungoja.

"Mapema sana," Baba akasema. "Bado anaumia. Mwache afanye kazi."

"Sura ngapi za kazi, Baba?"

"Mpaka siku ile atacheka bila kujilazimisha."

Mwanamke akaja sura ya tisa. Nilimpa miguu mirefu isiyokuwa ya Mama na maneno ya Mama, yale ya kukata na kubembeleza kwa pamoja. Na ule mlango niliuweka bila kumwomba ruhusa. Siku niliyompelekea sura hiyo aliisoma polepole, akaziweka kurasa chini, akainuka akaingia ndani. Nikabaki uani nikijilaumu. Yale yalikuwa yake, nami nimeyaanika kwa watu.

Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Nimekosea, Baba? Nitaitoa."

"Usiitoe. Lakini umeandika futi tatu. Ilikuwa tatu na nusu."

Nikarekebisha.

Kitabu kilipochapishwa nilimpelekea nakala ya kwanza. Mhariri anasema hiki kinasomwa kuliko vile vingine, na wanawake hunisimamisha sokoni wakitaka kujua mtengeneza mipini nilimtoa wapi. Lakini wiki zilipita na kila nilipofika Kola nilimkuta Baba hajavuka sura ya tisa, yeye aliyemaliza vitatu vya kwanza mbio mbio na anayejua kila neno la hiki.

"Mbona unakawia hivyo, Baba? Hakikupendezi?"

Akapitisha kiganja juu ya ukurasa, jinsi anavyoangalia kama ubao umelainika.

"Mama yako ameingia juzi tu," akasema. "Sitaki kummaliza haraka."

Nikamwacha aote jua lake, nikaingia jikoni kutafuta majani ya chai.