Wimbo wa Kuandika Nachingwea Haukuwa Wangu

Leo nimepigiwa makofi kwa wimbo ambao si wangu.

Wazazi na walezi tuliitwa darasa la pili, hapa shuleni Kiegei. Mwalimu akauliza nani alitunga ule wimbo unaowasaidia watoto kuandika Nachingwea:

“NA jembe, CHIni, NGWE yangu, Asubuhi!”

Nikasimama. “Mimi.”

Jamani, aliutunga Somoe, tuliyesoma naye dawati moja! Na alikuwa amekaa nyuma yangu, anapiga makofi kama wengine.

Tulipotoka nikamkimbilia. “Somoe, nisamehe dada yangu.”

“Wimbo chukua,” akasema. “Ila mjukuu wangu alikuwemo humo darasani. Jana nilimwambia niliutunga mimi. Sasa ananiona bibi mwongo.”

Kesho asubuhi narudi kwa wale watoto kusema ukweli.

Nianzeje, ndugu zangu?