Barua ya Kuozesha

Jirani yangu hapa Kibaha, karani mstaafu, hubonyeza "Tuma" kwa kidole kimoja, kisha huondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Wiki nzima alikuwa akibonyeza hivyo. Bintiye Faudhia anaolewa Maskati, na sheikh wa huko alitaka barua ya baba ya kumpa uwakili wa kuozesha, itoke kwenye baruapepe yake mwenyewe. Kila mara kompyuta ilijibu kwamba cheti cha usalama hakikubaliki. Naye alifuta miwani kwa kanzu, akaisoma barua upya kuanzia bismillahi, akabonyeza, akampigia binti: "Nimeituma, mama."

"Mzee, tuondoe huo ulinzi, itaenda," nilimwambia.

"Iende wazi? Mambo ya kuozesha binti yangu hayasomwi barabarani, mwanangu."

Ijumaa baada ya swala, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Akanipa nimsomee. "Baba, kama hukubali ungesema tu. Kadhi wa huku ameshaniozesha badala yako." Nikakwepa uso wake, nikatazama kompyuta, ndipo nikaiona tarehe pembeni: mwaka 2009. Betri ndogo ya saa ya ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, kompyuta ilirudi mwaka huo, ikakikataa cheti cha leo kana kwamba hakijatolewa bado. Nikairekebisha tarehe bila kufikiri, na barua iliyokuwa imekwama ikaondoka yenyewe.

"Imekwenda, mzee."

Akaweka kidole juu ya kitufe, safari hii polepole.

"Inarudishwaje?"