Matuta ya Sista Imelda

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizolala hospitali, mwanangu, ni ile niliyotolewa nje kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha magurudumu, nikaiona bustani tuliyotengenezewa wagonjwa, nikaomba nirudishwe kitandani.

Usicheke kwanza. Umeniwekea mchoro wako hapa mapajani, bustani ya hospitali unayotaka kuijenga Lindi, na mchoro wenyewe mzuri. Njia pana, hakuna ngazi, mabenchi yana pa kuegemea. Lakini miguu hii haijakanyaga chini tangu nilipoanguka mnazini kule Sudi, nikiwa kijana mkwezi mwenye maringo yangu, kwa hiyo kwa habari ya bustani za wagonjwa nina haki ya kukupigia kelele kidogo. Nakupigia kwa sababu nakupenda.

Wodi yetu ilikuwa na muuguzi mmoja, Sista Imelda, Mmakonde wa Newala. Alikuwa mcheshi, na ukimsikia anacheka mwanzo wa wodi, wewe wa mwisho unacheka naye bila kujua kisa. Akija kunigeuza ananitania kwamba nazi zote za Sudi zinamwuliza nimekwenda wapi. Mimi sikuwa na hamu ya utani. Daktari alikwishamwambia mama waziwazi kwamba nisipokaa na kuanza kutumia mikono, vidonda vya mgongoni vitanimaliza. Mama akawa ananilisha kama mtoto, na mimi nageukia ukutani.

Sista ndiye aliyepata wazo la bustani. Alijua mtu wa kwenye kiti hawezi kuinama mpaka chini, akamwambia fundi ajenge matuta ya mawe na chokaa, yaliyoinuka hadi usawa wa mapaja ya mtu aliyekaa. Fundi akayajenga kwa mstari, kila tuta urefu wa mtu. Sista akapanda mrehani juu yake, maana aliipenda harufu yake, na kila tuta akalichomekea kibao upande mmoja, chenye jina la mmea.

Wewe ni mtoto wa Pwani, umeshaelewa. Yeye alikotoka hawaziki hivyo, angejuaje?

Niliposukumwa nje asubuhi ile niliona makaburi, mwanangu, mapya, yamepakwa chokaa na mrehani juu. Nikamwambia Sista jua limenizidi. Na wenzangu walikuwa na visingizio vyao. Kila aliyeulizwa alisema, "Hongera Sista, inapendeza," kisha akarudi ndani, na huko ndani tunanong'ona kwamba tumeshachimbiwa. Jioni tunamwona dirishani anamwagilia peke yake.

Kitanda cha pili yangu alilala Mzee Selemani wa Songo Mnara, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Naye alikuwa akiniangalia.

"Hamisi," akaniambia, "yule binti kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Mzee."

"Mbona unamdanganya, basi? Kila siku anakuuliza bustani nzuri, na kila siku unamwambia nzuri."

"Namwonea haya. Kahangaika sana kwa ajili yetu."

"Ndiyo umwache gizani? Hiyo adabu gani?"

"Mwambie wewe, Mzee. Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nakaribia kwenda kwetu, na mguu wangu mmoja na furaha zangu. Anayeoza mgongo ni wewe. Mwambie wewe."

Yalinichoma maneno yale, na nilimchukia mzee wa watu usiku kucha. Asubuhi Sista alipokuja kunigeuza, nikajikaza. "Sista, usinielewe vibaya. Huku kwetu tunazika namna ile."

Mkono wake ukasimama mgongoni kwangu. Akatazama matuta yake dirishani.

"Na ule mrehani?"

"Tunauweka makaburini."

"Na vibao?"

Sista akakaa chini pembeni ya kitanda. "Mama wa Yesu! Hamisi, nimewachimbia watu wangu, na majina nimewaandikia!" Akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, mpaka Mzee Selemani akampa kikoi chake ajifute.

Alipomaliza akauliza, "Nyinyi mngetaka nini?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza. Wodi nzima ikasema kwa pamoja. Huyu anataka pilipili, yule mchicha, mimi nikataka bamia. Mzee Selemani akataka matuta yavunjwe pembe, yawe ya mviringo kama midomo ya visima. "Hakuna maiti wa duara," akasema. Fundi akaitwa, akaulizwa kwa nini alijenga bila kusema neno. Akajibu kwa unyenyekevu, "Nilidhani hospitali inajiandaa."

Mrehani haukutupwa. Tuliuhamishia mlangoni kwenye makopo, na akina mama waliokuja kutazama wagonjwa wakawa wanauchuma na kuchomeka nyweleni. Mimi nikakaa kwenye lile duara langu kila asubuhi, nikichimba kwa kijiko, nikipalilia, mikono ikauma, vidonda vya mgongoni vikakauka.

Bamia zilipokomaa nilizichuma mwenyewe, mama akazipika kule nyuma wanakopikia ndugu wa wagonjwa. Akakaa, akakata tonge anilishe, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu nianguke. Nikamshika mkono. Nikakata tonge langu, nikachovya mchuzi wa bamia, nikampelekea mdomoni. Mama akafungua kinywa. Akatafuna polepole, machozi yanamtiririka, akasema, "Chumvi imezidi." Na aliyetia chumvi ni yeye.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujaweka jiwe la kwanza, nenda ukakae na wagonjwa wodini. Usiwaulize kama mchoro ni mzuri, maana sisi watu wa huku tutakujibu mzuri hata ukituchorea shimo. Waulize mikono yao inatamani kufanya nini, na nani wanatamani kumpa walichokipata. Atakayekwambia umekosea, usimkasirikie. Amekupenda kuliko waliokusifu.

Mwenyezi Mungu akujaalie masikio mapana na mikono yenye heri. Na kila mgonjwa atakayesukumwa kuingia bustanini mwako, aombe aachwe humo kidogo.